Nilihesabu kura za kaka mkuu, yakasomwa matokeo mengine. Sasa zamu ni yangu

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za Jumamosi usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya bweni, mkoa nauhifadhi. Nafundisha Jografia, na huu ni mwaka wa tatu mimi ndiye mlezi wa serikali ya wanafunzi. Kwa asiyejua, mlezi ndiye anayesimamia viranja wote, kuanzia kaka mkuu na dada mkuu hadi yule wa kugonga kengele, na wakichemka lawama zote ni zake.

Jana tumefanya uchaguzi. Leo saa nane mchana mkuu wa shule kanipigia simu. Ila nianzie mbali, kwa sababu kinachoninyima usingizi hakikuanza jana.

Mwaka 2010 nilikuwa kidato cha tatu kwenye shule nyingine, nayo ya bweni. Kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani wa taifa, muda wa kuvua beji na kukabidhi ulikuwa umefika. Mnakumbuka 2010 nchi nzima ilikuwa kwenye uchaguzi mkuu, na homa hiyo ikatuingia hadi mabwenini. Tukawa na tume yetu, mawakala wetu, na kampeni za dakika tatu tatu mstarini. Mimi niliwekwa kwenye tume kwa sababu moja tu, mwandiko mzuri.

Utaratibu ulikuwa ule ule mnaoujua. Fomu unachukua kwa mwalimu wa nidhamu, unaitwa kwenye usaili ofisi ya walimu, wanakuuliza utafanyaje ukimkamata rafiki yako anaruka ukuta, halafu mchujo. Wanabaki wawili. Karatasi za kura tulizikata kwa rula kutoka mitihani ya zamani, ile ya upande mmoja, hivyo ukigeuza kura ya mtu unakutana na nusu ya swali la Kemia. Sanduku lilikuwa boksi la mafuta ya kupikia tumelivika gazeti na kulitoboa kwa wembe.

Tulihesabia maabara ya Baiolojia usiku, umeme umekatika, tuna chemli moja na kinyonga kwenye chupa ya dawa anatutolea macho. Wanafunzi watatu na mwalimu wa nidhamu. Mmoja anafungua na kusoma jina, mwingine anamwonyesha mwalimu, mimi nachora vijiti, vinne vya wima na wa tano wa kuvikata. Kura 187 kwa 142. Tisa ziliharibika, na mojawapo mtu kachora sahani ya ugali na kuandika "huyu ndiye rais wangu". Mwalimu mwenyewe alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaichukua karatasi yangu ya vijiti, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati.

Jumatatu mstarini likasomwa jina la yule wa 142. Idadi ya kura haikusomwa. Mstari mzima ukapiga makofi, maana mstarini ukiambiwa piga makofi unapiga.

Yule wa 187 alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu. Hakuangalia jukwaani, aliniangalia mimi. Na mimi nikainama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Miaka baadaye tukakutana stendi ya Msamvu, Morogoro, kila mtu anasubiri basi lake. Tukaagiza chai, tukaongelea maisha, watoto. Gari lake linaita abiria ndipo akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nauli: "Hivi zile zilikuwa ngapi kwa ngapi?" Nikamwambia. Akasema "aah", akalipa chai zote mbili, akapanda.

Sasa ya jana. Kijana aliyeshinda ukaka mkuu ndiye yule ambaye mwezi Machi aliongoza darasa lake kwenda ofisi ya mkuu na bakuli la maharage. Yalikuwa yamebunguliwa, ukiyakoroga wadudu wanaelea juu. Hawakupiga kelele wala kuvunja kitu, waliliweka bakuli mezani na kusalimia. Tangu siku hiyo mkuu anamwita mchochezi. Kwenye mchujo alipita kwa sababu mkuu alikuwa semina mkoani na makamu hakuona kosa lolote kwenye faili lake.

Simu ya leo ilikuwa fupi. "Mwalimu, hayo matokeo tuyatazame upya kabla ya Jumatatu. Wewe ni mtu mzima, unanielewa."

Nimeelewa. Nina familia, nina mkopo, na mkuu ndiye anayejaza tathmini yangu ya utendaji. Naombeni mawazo, siyo matusi.

#2

Nimekaa kiti cha mbele. Ngoja wajuvi waje.

#3

Mkuu, hii stori ni chai, tena ya tangawizi, umeitunga kabisa. Kura za viranja zinawekewa mawakala? Sisi kwetu mwalimu wa zamu alisimama mstarini akasema "wewe mrefu, toka mbele", ukawa ndiyo uchaguzi na uapisho papo hapo. Nilikuwa kiranja wa usafi miaka miwili kwa ajili ya urefu.

#4

Wewe wa #3 umenichekesha, ila huo ndio ukweli wa shule nyingi za enzi zetu. Mimi nilikuwa kaka mkuu, wa kuteuliwa, na ngoja niseme kitu ambacho viranja wastaafu hatupendi kukisema.

Cheo kile kilikuwa kitamu. Tulikuwa na kachumba ketu mwisho wa bweni, tumezungushia mapazia ya shuka. Foleni ya bwaloni haikutuhusu. Siku ya wali tulikuwa tunapakuliwa sahani ya pili na ukoko juu, maji ya kuoga tunachotewa na njuka, wale wageni wa kidato cha kwanza. Usiku baada ya prepo, yaani kujisomea, nilipita bweni hadi bweni na kipande cha mpira wa baiskeli, na nilikitumia. Hakuna mwalimu aliyeniambia nipige. Hakuna aliyeniambia nikiache pia, na alfajiri wote waliona wadogo wanatembea upandeupande kwenda mchakamchaka.

Leo ukiniuliza niliwahi kupeleka lipi la wanafunzi ofisini, sikumbuki hata moja. Nilikuwa napeleka majina tu: waliochelewa, waliotoroka, waliopiga kelele. Kila Ijumaa orodha. Wanafunzi walituita wanoko, yaani wachongezi, na tulistahili.

Kwa hiyo, mleta uzi, swali langu ni hili. Huyo kijana wako akiapishwa atapewa kazi gani? Kama ni ile yangu ya kuandika majina, basi iwe ni 187 au 142, kwa njuka anayechapwa usiku ni mamoja.

#5 – Mleta uzi

Mkuu wa #4, umenigusa pabaya na ni kweli. Kwa faida ya wengine: kanuni za viboko za 2002 zinasema anayeruhusiwa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kiranja hayumo popote. Mpira wa baiskeli wala usiseme. Nilipopewa ulezi nilianza kwa kukusanya fimbo mabwenini, zilijaa ndoo mbili. Ya orodha za majina sijafanikiwa kuiondoa, maana walimu wa zamu wanaitegemea.

#6

Wanangu, mimi ni mama mstaafu, nimekuwa mkuu wa shule za serikali kwa miaka mingi. Naona mnamsulubu mkuu wa shule kabla hajafika, acheni niseme upande wetu.

Usiku saa sita simu inalia, watoto mia nane wapo nje wamegoma kulala. Anayeulizwa na wilaya siyo kaka mkuu wala mlezi. Ni wewe mwenye ofisi. Ndiyo maana wakuu tunataka kiongozi ambaye ukimwita usiku anakuja na anawatuliza wenzake. Nimewahi kuiachia kura iamue bila mchujo wa maana, akapita kijana mwenye pesa za nyumbani, aliwanunulia kidato cha kwanza mandazi wiki nzima. Ilipofika mwezi wa tatu alikuwa anawakodisha vijana wengine wamfulie. Nilimvua beji mwenyewe, na wazazi wake wakanishtaki hadi kwa afisa elimu. Kwa hiyo mchujo nautetea hadharani. Shule ina watoto wa miaka kumi na tatu ndani yake, mwalimu hawezi kukaa pembeni akasema demokrasia imeamua.

Lakini mwanangu mwalimu, nisikilize. Mchujo ni kabla. Unamwangalia darasani, unaangalia faili, unamuuliza mwalimu wa bweni, afya yake, hata nyumbani kwao. Ukishamwambia mtoto "simama ujinadi", umeshamaliza kumkagua. Mimi nilipiga kura zama za chama kimoja, tulipokuwa tunawekewa wagombea ubunge wawili, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Chama kilikuwa kimeshawachuja wote wawili huko juu, na tulijua. Lakini jembe likishinda, lilitangazwa jembe, na mawaziri waliangushwa hivyo hivyo. Hata sisi wa wakati ule tulifika hapo.

Mkuu wako anaogopa. Usimwendee kama mshitaki. Mwendee na karatasi.

#7

Mama, shikamoo. Hiyo ya "mchujo ni kabla" naichukua.

#8

Ndugu zangu, hamjambo? Naandika kutoka Mombasa, na mimi ni mwalimu.

Huku kwetu tuliyafikia haya kwa njia ya machozi. Mei 1999, Nyeri, viranja wanne wa shule ya upili walifungiwa chumbani mwao usiku na wanafunzi wenzao wakateketezwa kwa moto. Niliposoma pale juu habari ya kachumba ka mwisho wa bweni, mwili ulinisisimka. Kiranja akifanywa askari wa mwalimu, chuki yote anayodaiwa mwalimu inamwangukia yeye, na yeye analala chumba kimoja na wenye chuki.

Kisha 2008 shule nyingi sana ziligoma na mabweni yakachomwa. Baada ya hapo serikali ikaanza kuhimiza mabaraza ya wanafunzi ya kuchaguliwa badala ya viranja wa kuteuliwa, na sheria ya elimu ya 2013 ikaliweka baraza ndani ya halmashauri ya shule, mwakilishi wa wanafunzi anakaa kikaoni na watu wazima.

Je, yamekwisha? Hayajakwisha. Shule niliyofundisha mwanzo, mwakilishi alikuwa anaitwa kikaoni anapewa soda, na ajenda ya karo ikifika anaambiwa "rais, sasa unaweza kurudi darasani". Rais anarudi darasani. Wenzake wanamuuliza mmeamua nini, anasema soda ilikuwa baridi.

Na uchaguzi wenyewe tulikuwa tunaufanya kwa mlolongo uwanjani, wanafunzi wanajipanga nyuma ya wanayemtaka. Wazee wetu wanaukumbuka uchaguzi wa mlolongo wa Kenya wa 1988, mtu mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. Basi watoto wetu nao walijifunza. Mvulana mkubwa wa bweni anasimama kando kuangalia nani kapanga wapi, na kidato cha kwanza wanahama foleni huku wakitazama chini. Tulipoleta karatasi za siri, aliyekuwa akishinda miaka yote kwa foleni ndefu alipata kura kumi na kitu. Ndipo tukajua zile foleni zilikuwa za nini.

Ushauri wangu kwa mwenye uzi: matokeo yana sahihi? Kama wanafunzi wameweka sahihi, huna siri ya kulinda. Wameshalala nayo bweni zima.

#9

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, hivyo niwaambie sisi huwa tunaonaje, maana hapa ni walimu watupu.

Mwanafunzi hajali sana nani kaka mkuu. Anajali nani kiranja wa chakula. Huyo ndiye anashuhudia stoo ikifunguliwa, anaona gunia ngapi zimetoka na ngapi zimeandikwa. Shuleni kwetu kiranja wa chakula hakupigiwa kura hata siku moja, aliteuliwa na mtunza stoo mwenyewe. Kwenye kampeni watu wanaahidi disko na televisheni, lakini ukitaka kuona mstari umekaa kimya kusikiliza, taja kipimo cha maharage.

Halafu baraza la wanafunzi tulilokuwa nalo lilikutana mara mbili kwa mwaka. Tunatoa kero, katibu anaandika, mkuu anasema "tumeyapokea". Baraza linalofuata kero zinasomwa zile zile, katibu kabadilika tu mwandiko. Tulimchagua mmoja aliyeahidi kitu kimoja: kwamba kila kero itarudi mstarini na jibu, hata kama jibu ni hapana. Alipata kura nyingi kuliko wote. Jibu la kwanza aliloleta lilikuwa hapana, na tulimpigia makofi.

Mwalimu, usimfanyie huyo kaka hivyo. Wote wanajua kashinda.

#10

Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 11 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu. Mwoneshe mkuu.

#11

Mkuu wa #10, ukimpelekea mkuu wa shule kifungu cha sheria Jumapili, Jumatatu wewe ndiye unahamishwa. Hapo mstaafu wa #6 kasema vizuri, aende na karatasi ya matokeo na adabu zake.

#12

Mrejesho tafadhali. Leo Jumatatu imepita.

#13

Mleta uzi kafukuzwa kazi nini?

#14 – Mleta uzi (MREJESHO)

Wakuu, samahani kwa kuchelewa, juzi na jana sikuwa na nafasi.

Jumapili baada ya ibada nilienda nyumbani kwa mkuu, siyo ofisini. Nilimkuta anamwagilia mchicha. Nilibeba fomu ya matokeo, ile tuliyojaza Ijumaa: idadi ya waliopiga, zilizoharibika, kila mgombea kapata ngapi, na chini sahihi za wanatume watatu na mawakala watatu. Sikusema habari ya haki wala sheria. Nilisema, "Mkuu, sahihi hizi sita ni za wanafunzi. Tukisoma jina jingine kesho, mimi nitakuwa nimebaki na nakala na wao wamebaki na kumbukumbu, na usiku wa kesho tutapigiwa simu wote wawili."

Akaweka ndoo chini. Akaisoma muda mrefu kuliko inavyohitaji. Akauliza tu kwa nini fomu ina sahihi, mbona miaka yote hatujawahi kuwa na fomu yenye sahihi. Nikamwambia nimeanzisha mimi. Akasema "naona".

Sikumwambia habari za 2010. Nilitaka, maneno yakafika hapa kooni, kisha mke wake akaleta uji na nafasi ikapita.

Jumatatu mstarini mkuu alisoma mwenyewe. Jina la mshindi ni lile lile la Ijumaa. Idadi hakuisoma, akakunja karatasi. Pale nikaona mkono unaelekea mfuko wa shati, wakuu, nikasikia tumbo linakata. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikasema, "Mkuu, naomba tuwasomee na idadi, ili walioshindwa nao wajue wamepigiwa ngapi." Kukawa na ukimya wa ile namna ya kusikia bendera inapigapiga mlingoti. Akanipa karatasi. Nikasoma yote, mpaka zilizoharibika. Aliyeshika nafasi ya tatu ana kura 31, na alipokewa kwa vigelegele kuliko mshindi, nadhani hakutegemea hata hizo.

Gharama zake sasa. Kijana kawekwa kwenye matazamio ya mwezi mmoja na mzazi kaitwa kusaini, jambo ambalo hakuna kaka mkuu aliyewahi kufanyiwa. Nimelipinga kwa maandishi, sijajibiwa. Na mimi kuanzia jana siyo mlezi wa serikali ya wanafunzi tena. Nimepangiwa mradi wa kuku wa shule. Barua inasema ni kwa ajili ya kuimarisha elimu ya kujitegemea.

Mama wa #6, asante sana, na shikamoo. Kijana wa #9, kura ya kiranja wa chakula niliiombea, nikaambiwa nisubiri mlezi mpya. Wa #4, swali lako lilinisumbua kuliko yote. Orodha za majina bado zipo.

Leo jioni nilikuwa bandani napima pumba, kaka mkuu mpya akaja. Nilidhani amekuja kunipa pole. Akasalimia, akaangalia kuku kidogo, akauliza kama ile mizani ya chakula cha kuku inaweza kuazimwa kila asubuhi saa kumi na moja na nusu, kabla mpishi hajachukua maharage stoo, na itarudishwa kabla ya kengele.

Nimempa.